Datsun ya Sehemu 64

Fundi alikuja na sumaku ya spika.

Hakubeba jeki wala spana. Sumaku tu, ameizungushia kipande cha fulana isikwaruze rangi. Akaanza na boneti: ikanata. Mlango wa dereva: ikanata. Akachutama, akaipeleka chini nyuma ya mlango, pale bati linapokutana na tao la gurudumu, akaiachia.

Ikaanguka mchangani.

Akaiokota, akaipangusa, akajaribu kidole kimoja mbele. Ikaanguka tena. Hakusema kitu. Mafundi wa bodi wa hapa Mombasa hawatamki neno "puti", ule uji mgumu wa kuzibia bati kabla ya rangi, mbele ya mwenye gari, kama vile daktari asivyotaja ugonjwa mbele ya wageni. Alinitupia jicho tu, akazunguka upande wa pili.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Leo ni wiki ya saba. Mke wangu anasema ningekuwa ninaposa, angalau angejua la kufanya.

## Chini ya mkungu

Gari lipo Tudor, uani kwa watu, linapigwa na upepo wa mkono wa bahari mchana na usiku. Datsun 240Z ya 1973. Limekaa juu ya matofali ya matumbawe tangu 1996, chini ya mti wa mkungu unaomwaga majani mapana kama sahani. Zamani lilikuwa jeupe. Sasa lina rangi ya chai iliyosahauliwa mezani. Namba zake ni zile nyeusi za kale, zisizo na herufi mwishoni.

Sikwenda kulitafuta. Mimi ni mtu wa karatasi za forodha. Nilipeleka hati za mzigo kwa mmoja wa vijana wa nyumba hiyo, upepo ukafunua turubai, nikaona pua.

Ile pua ndefu, na taa zimezama ndani kama macho ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Nimezaliwa miaka miwili baada ya Shekhar Mehta kushinda mbio za magari za Safari, mwaka 1973, kwa gari kama hili. Yeye na Harry Källström, naye wa Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Marehemu baba alikuwa akisimulia mwisho wa mbio zile kana kwamba alisimama kwenye utepe. Pasaka ile yote alikuwa zamu bandarini. Niligundua nikiwa mtu mzima, na sikumwambia.

Kwa hiyo pua ile ilinikuta nikiwa tayari nimeumwa zamani.

Kingine ni kwamba hakuna meli itakayotuletea nyingine. Mimi ndiye ninayewaambia wateja kila wiki kuwa mtu wa kawaida haruhusiwi kuingiza Kenya gari lililozidi miaka minane. 240Z zilizobaki nchini ni hizo hizo. Moja ikienda kwa wauza vyuma chakavu, imekwenda.

## Dola 310,000

Kijana mkubwa wa nyumba ile, ambaye nitamwita Mkubwa, alinipokea na simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya 240Z ya 1971 iliyouzwa kwenye mnada wa mtandaoni huko Marekani, Januari 2020.

Dola 310,000.

"Hizo ni milioni 31 za kwetu wakati ule," akasema. "Mimi nakuuzia milioni tatu. Nakupa bure."

Nilimweleza kuwa gari lile la mnada lilikuwa limetembea maili kama elfu 21 tu tangu litoke kiwandani, na karibu kila kitu chake ni cha asili. La kwao kuku amelitagia kwenye kiti cha dereva. Akasema mayai atayatoa.

Kisha akaongeza la pili: gari hili lilikimbia Safari.

Ni kweli 240Z ilishinda Safari mara mbili, 1971 na 1973. Mwaka ule wa 1971 Edgar Herrmann alikuwa wa kwanza na Mehta wa pili, wote kwa 240Z. Lakini gari la mbio huacha makovu: matundu ya taa za ziada, bati la kuimarisha lililochomelewa kwenye minara ya springi, sehemu za mikanda ya kifuani. Hapa hapakuwa na kovu hata moja. Nilipouliza vizuri ikabainika kuwa marehemu mzee wao alilinunua 1979 kutoka kwa daktari wa meno aliyekuwa akihama nchi.

Lilikimbia, sawa. Hadi kliniki na kurudi.

Ila sikumcheka Mkubwa. Zamani hakuna aliyelihesabu gari lile. Mzee wao alipofariki 2011, mirathi iligawanywa vizuri, duka likapata mwenyewe, shamba la Kikambala likapata wenyewe, nyumba akaachiwa mama akae. Gari halikutajwa hata na mtu mmoja. Lilikuwa takataka ya uani. Halafu picha moja ikapita kwenye simu na takataka ikageuka mali, na ndugu watano waliokuwa wakipigiana simu siku za Idi wakaanza kupigiana kila siku.

## Haliwashwi, linaamshwa

Kosa la kwanza la mnunuzi wa gari lililolala ni kufika na betri mpya. Fundi aliniambia hilo kabla sijamaliza salamu.

"Ukilipiga stata leo unaliua. Pete za pistoni zimeshikana na kuta za silinda. Ukilazimisha, kinachovunjika si kutu."

Akafungua plagi zote sita. Akamimina oili kidogo kwenye kila tundu, akaziba na vitambaa, akasema tuonane wiki ijayo. Tangi la petroli alilifungua kifuniko tu, akanusa, akafunga. Nami nikanusa: vanishi ya kabati la maiti, kama kuna kitu kama hicho. Gari lile lilizimwa wakati petroli yetu ilikuwa bado na madini ya risasi ndani yake. Halijawahi kuonja ya siku hizi.

Jumamosi ya pili alikuja na spana namba 27, akaitia kwenye boliti ya puli iliyo mbele ya injini, akaegemea. Kama anayesukuma ukuta. Akaongeza oili, tukanywa chai, tukaondoka.

Wiki hiyo nilifanya kazi yangu: karatasi. Namba ya chesi imepigwa kwenye bati linalotenga injini na dashibodi, inaanza na HS30, yaani ya usukani wa kulia. Inalingana na logibuku, hati ya umiliki wa gari. Namba ya injini, L24, inalingana pia. Jina kwenye logibuku ni la marehemu.

Jumamosi ya tatu spana ilisogea.

Robo mzunguko, polepole, bila kelele, kama mtu anayegeuka usingizini. Fundi akaachia spana, akafuta mikono, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mgonjwa yuko hai," akasema. "Sasa tuzungumze kuhusu miguu."

Miguu ni sakafu. Watu wa pwani hulaumu chumvi ya bahari kwa kila kutu, lakini gari hili limemalizwa na mkungu. Mbele ya kioo kuna matundu ya hewa. Maji ya mvua huingia humo na kutoka kwa mifereji miwili midogo pembeni. Majani yakaziba mifereji. Maji yakakosa njia ya nje, yakatafuta ya ndani. Upande wa abiria unainua zulia unaona mchanga wa ua. Chini ya betri napo asidi imekula hadi kwenye mhimili.

Hesabu ya Fundi, nyuma ya risiti ya duka la rangi: sakafu mpya ya bati, ambayo bado inatengenezwa na unaweza kuiagiza, kuchomelea, tangi, mfumo mzima wa breki, raba zote, kabureta mbili, rangi. Injini haikumtisha, kwa sababu nduguye injini hiyo, L28, aliwekwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 80 na mafundi wetu wanaijua jamaa hiyo kama viganja vyao.

Jumla: milioni moja na laki nne. Mbali na bei ya gari.

Nilikunja ile risiti nikaitia kwenye kifuniko cha simu. Ipo mpaka leo.

## Lilisimama kwa nini?

Hapa ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu ya kuandika.

Nilimuuliza Mkubwa kwa nini baba yake aliliegesha. Akasema giaboksi. Ndugu yake wa pili, mwalimu wa madrasa, akasema spea zilikuwa hazipatikani. Jirani akasema mzee alichoshwa na askari wa barabarani. Mzee mmoja wa barazani, rafiki wa marehemu, akasema petroli ilipanda. Giaboksi nimeijaribu mwenyewe kwa mkono: gia zinaingia zote. Spea, mwaka 1996, mtu mwenye jamaa Maskati na Dubai alishindwaje? Na kama ni petroli, mbona Peugeot yake aliendelea kuiendesha miaka miwili zaidi?

Nikamuuliza Fundi. Alikuwa chini ya gari, ikaja sauti tu.

"Gari la mtu anayelipenda halisimami kwa spea."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Mpaka hapo nilikuwa nikiuliza itagharimu ngapi kuliwasha. Sikuwa nimejiuliza ni kitu gani kilichoweza kumfanya mwanamume aliyekuwa akiliosha kila alfajiri ya Ijumaa, majirani wote wanashuhudia, apite pembeni yake miaka 15 kama anayepita jiwe.

Maana kama sijui, hicho kitu kinaweza kuwa bado kimo ndani. Najua si maneno ya mtu mwenye akili zake. Nimeuza magari mabovu ya wateja kwenye yadi za bandari, sikuwahi kuwaza hivyo.

## Kisanduku

Mama mwenye nyumba alikuwa akinitazama wiki zote hizo kutoka barazani. Jumamosi ya nne akaniita. Chai ya tangawizi, mahamri, mbaazi za nazi zilizobaki asubuhi.

"Mwanangu keshakwambia bei?"

"Kaniambia, Mama."

"Nawe ukashtuka."

"Nilishtuka, Mama."

Akacheka, akaingia ndani, akachelewa. Alirudi na kisanduku cha karatasi ngumu chenye chapa ya Nissan, kimefungwa kwa utepe ambao haujawahi kuguswa, na kibandiko cha duka la Maskati. "Hiki chake hilo gari. Ukinunua, chukua na hiki. Kisibaki kunitazama."

Masta silinda ya klachi, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya klachi.

"Klachi ililegea," akasema. "Akamwagiza binamu yake Maskati. Miezi mitatu kikaja. Nikamwambia, haya, kimekuja. Akasema kesho. Kesho yake akasema Ijumaa. Ijumaa akasema ngoja mvua ipite."

Nikanyamaza. Kazi ya kubadilisha masta ya klachi ni ya mchana mmoja. Fundi mwenye haraka anaimaliza kati ya adhuhuri na alasiri.

"Macho," akasema. Akaweka viganja viwili kando ya uso wake, kama farasi aliyefungwa vibao. "Presha ya macho. Alikuwa akiona mbele tu, kama mtu anachungulia kwenye bomba. Kila mwaka bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari akamwambia usiku asiendeshe, kisha akamwambia asiendeshe kabisa. Hakutaka watoto wajue. Klachi ikampa sababu, naye akaishika."

"Na Peugeot?"

"Peugeot nilikuwa nakaa naye mbele. Nikimwambia: kulia kuna mtu. Kushoto kuna mkokoteni. Miaka miwili hivyo, kwenda sokoni na kurudi. Hilo jeupe hakutaka kuambiwa humo."

Aliyejua ni yeye peke yake. Kila aliyeuliza alijibiwa klachi, na kila aliyejibiwa akaongeza chumvi yake, ndipo ikazaliwa giaboksi, na askari, na petroli.

Niliomba ruhusa kuandika haya. Akasema andika, mwenyewe hayupo wa kuona haya. Lakini alitaka kwanza awaambie wanawe, na amewaambia.

Fundi alipofungua kisanduku kile tulimzunguka kama watu wanaofungua barua. Chuma kilikuwa kinang'aa. Akatoa raba ya ndani kwa kucha. Ikakatika vipande, kavu kama ganda la kitunguu.

"Raba hufa hata ndani ya boksi," akasema, akakirudisha kama kilivyokuwa.

## Puti

Wiki iliyofuata Mkubwa alinikuta nimechutama nyuma ya mlango wa dereva, pale sumaku ilipoanguka. Sikumsikia akija.

"Pale aligonga nguzo ya geti," akasema. "Mchana kweupe. Nilikuwa na miaka 20. Tulikaa barazani sote, tukamcheka. Nilimwambia, Baba, geti lipo hapo tangu sijazaliwa."

Alisimama. Akasema tena, chini zaidi: "Tukamcheka sana."

Fundi alikwangua kwa bisibisi. Mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana kimoyomoyo kuwa hapo ni kutu, maana gari za aina hii huoza hapo kabla ya kwingine. Puti ikatoka vipande vinene. Chini yake bati lilikuwa zima kabisa, limebonyea tu ukubwa wa kiganja. Mzee aliliziba haraka, akapaka rangi juu, kabla watu hawajaanza kuhesabu.

Mkubwa hakutaja tena milioni tatu. Sikumwomba apunguze. Siku mbili baadaye alinipigia akasema niongee na ndugu yake, mwalimu, kuhusu bei, yeye hawezi.

## Hesabu ya mwalimu

Mwalimu aligeuza kalenda ya mwaka jana, akaandika nyuma. Wazazi wa marehemu walishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo waliobaki ni mke na watoto watano: wa kiume watatu, wa kike wawili. Mke ana thumuni. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike.

Ili isibaki sehemu ya sehemu, akasema, kata gari vipande 64.

Mama 8. Kila mvulana 14. Kila msichana 7.

Nilijumlisha kichwani: 8, 42, 14. Ni 64. Nimefanya kazi na ushuru miaka 22 na sijawahi kuona hesabu iliyokaa vizuri namna ile juu ya chuma kibovu namna ile.

"Bei sijui," akasema. "Sijui magari. Nataka tu bei inayogawika kwa 64, tusije tukagombania senti." Tukashuka, tukapanda. Tukasimama kwenye 640,000, kwa kuwa ni elfu kumi kumi. Mama 80,000, wavulana 140,000 kila mmoja, wasichana 70,000 kila mmoja. Tungepeleka karatasi kwa Kadhi, gari liingizwe kwenye mirathi lilikosahauliwa, kisha logibuku ibadilishwe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshanunua. Mdomo ulikuwa haujasema tu.

Usiku ule ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Maskati.

## Zamu

Ni kitinda mimba wao. Anafanya kazi ya uuguzi huko, ana watoto wake. Dakika nne za sauti, nyuma kuna kiyoyozi kinanguruma. Nimezisikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa.

Alianza kwa salamu ndefu, kaka hujambo, na wa nyumbani, na watoto. Kisha akasema: gari lile ni la watu wawili. Sisi tulikuwa watano.

Kwa hiyo baba yao aliweka zamu. Kila Ijumaa baada ya alasiri, mtoto mmoja. Kutoka Tudor, daraja la Nyali, hadi Mtwapa, dirisha wazi. Kurudi wanapitia Lighthouse, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, dafu moja wanagawana, meli zinaingia mlangoni mwa bandari. Halafu nyumbani kabla ya magharibi. Wiki tano, mzunguko umekwisha, unaanza tena kwa mkubwa.

"Mimi wa mwisho, kwa hiyo wiki zangu nne zote ni za kusubiri. Nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu ninayemfuata alikwenda Ijumaa ile. Yangu ilikuwa Ijumaa inayofuata. Nikaambiwa klachi."

Hapo ananyamaza. Kiyoyozi.

"Nilipokuwa mdogo niliichukia sana hiyo klachi. Sikujua klachi ni nini. Nilidhani ni mtu."

Miaka kadhaa nyuma wauza vyuma chakavu walifika na mizani hadi uani. Kumbe ni yeye aliyepiga simu kutoka huko, akalia, wakaondoka. Ndugu zake walidhani ni mambo ya kuwa mbali na kwao.

"Waambie wauze. Sina ugomvi nao, na wewe sina ugomvi nawe. Lakini zangu saba haziuzwi."

## Mkungu wa watu, mwembe wetu

Mke wangu nilimsimulia yote. Aliposikia ya macho alishika shavu. Aliposikia ya zamu aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewaka.

Kisha akarudi akawa yeye.

"Una shilingi ngapi Sacco?"

Nikamwambia.

"Na mkopo utakuwa ngapi?"

Nikamwambia.

"Paa la jikoni tulisema lini?"

Tulisema 2022. Mabati yako uani kwetu, yameegemea ukuta, yameshaota mwani upande wa chini. Nilinunua misumari pia.

"Nisikilize, Baba," akasema, na akiniita Baba bila jina la mtoto najua hacheki. "Hilo gari halitatembea. Litahama tu. Litatoka chini ya mkungu wa watu lije chini ya mwembe wetu."

Sikuwa na jibu, na wiki mbili sasa ninalitafuta. Nimejaribu la Fundi: mgonjwa yuko hai. Nimejaribu la pesa: 240Z ukiitengeneza vizuri inaweza kupanda bei. Ni kweli, lakini mtu anayenunua kwa ajili ya kuuza hasikilizi sauti ya dakika nne mara nyingi namna ile. Nimejaribu lile la wahenga, ukiona vyaelea vimeundwa. Akauliza nimeunda nini tangu 2022.

Ninachokiogopa si milioni moja na laki nne. Ninaogopa kisanduku. Ninajifahamu: nitaagiza sakafu, itakuja, nitaisimamisha kando ya yale mabati, na siku nitakayoulizwa nitasema ngoja mvua ipite. Mzee wa watu alikuwa na macho. Mimi nina nini?

Kwa upande wa pili, kila Jumamosi nisipokwenda Tudor, mkungu unaendelea na kazi yake. Juzi nilipita nikasafisha ile mifereji miwili kwa waya wa hanga. Nilitoa majani ya kujaza ndoo. Maji yaliyotuama yakatoka kwa kishindo, meusi, yakanilowesha viatu. Mama akanitazama kutoka barazani asiseme kitu, akaleta kandambili za marehemu nivae kurudi nyumbani.

Ninazo bado. Sijazirudisha.

## Karatasi

Jumapili mwalimu alileta karatasi. Ameiandika kwa mkono, mistari imenyooka kama ya madrasa: jina, sehemu, shilingi, sahihi. Mama 8. Wavulana 14, 14, 14. Msichana mkubwa 7. Jumla inayouzwa ni sehemu 57, shilingi 570,000. Mstari wa mwisho una jina la aliye Maskati, 7, na mahali pa shilingi ameandika: haziuzwi.

Chini ya hapo ameacha nafasi yangu. Dada yao anakuja Desemba.

Kalamu ilikuwa mezani. Nje mvua ya usiku ilikuwa imeanza, na sufuria iliyo chini ya tundu la paa ikaanza kuhesabu. Mke wangu akavaa miwani, akaivuta karatasi karibu na taa, akaisoma yote, kisha akarudi kwenye mstari wa mwisho akauwekea kidole.

"Na hizi saba ni zipi?"

Nikamwambia kiti cha kushoto.